Uchambuzi wa kisa: Nokia E71 ya karani wa korosho, miaka 15 Tandahimba

Ujumbe ulioanzisha kisa hiki uliingia kwenye simu yangu jioni moja ya Agosti 2024, kutoka Tandahimba: "Mpw, nkuj kesho n simu." Nilidhani mjomba ana haraka. Kesho yake alipofika kibandani kwangu Magomeni, hapa Mtwara mjini, nikaelewa kwamba kitufe cha A kimekufa.

Simu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukiondoa tyubu, mfuniko wa nyuma unaruka wenyewe, kwa sababu betri iliyo chini yake imevimba kama andazi. Kitufe cha S kilikuwa kinaandika mara mbili au hakiandiki kabisa. Ukichomeka chaji, inabidi uishike pini kwa kidole na kuielekeza juu kidogo, ndipo alama ya betri ianze kupanda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Msimu unakaribia, mpwa. Hebu nitajie mkulima mmoja wa kwetu ambaye jina lake halina A."

Sikumpata.

Simu ni Nokia E71, aliyoinunua mwaka 2009 na hajaiacha tangu hapo. Yeye ni kaka wa mama yangu, na kwetu Wamakonde mpwa ni mtu wa mjomba kuliko wa baba, kwa hiyo sikuwa na mdomo wa kumwambia yale ambayo fundi humwambia mteja mwenye simu ya umri huo, kwamba mzee, nunua nyingine. Hata angekuwa mteja wa kawaida nisingemwambia hivyo. Nakiandika kisa chote kwa ajili ya mafundi wenzangu na kwa yeyote anayetunza simu ya zamani yenye kibodi. Sisi mafundi tumezoea kuanza na swali la "inatengenezeka?" Kwa simu iliyofanya kazi miaka 15, mimi sasa naanza na lingine: imebeba nini ambacho hakipo mahali pengine popote, na kitatokaje humo?

Kazi inayofanywa na simu hii

Mjomba ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Msimu ukifunguliwa, wakulima wanaleta korosho ghafi, zinapimwa, zinapangwa daraja, mkulima anapewa stakabadhi, mzigo unasafirishwa kwenda ghala kuu, halafu unasubiri mnada. Fedha huja baadaye, kwa njia ya benki. Ndivyo mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyo tangu ulipoanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Kati ya mizani na fedha kuna siku nyingi, na katika siku hizo mkulima hana kitu mkononi isipokuwa karatasi. Karatasi inalowa. Inaliwa na panya. Inafuliwa pamoja na suruali.

Mjomba akajitungia utaratibu wake. Kila akimaliza kumpimia mtu, kabla gunia halijaondoka kwenye mizani, anamtumia ujumbe wenye jina, kilo, daraja na tarehe, na mwisho maneno mawili: "Tunza stakabadhi." Ujumbe huo si hati ya chama. Hati ni stakabadhi yenyewe na daftari la ghala. Lakini mkulima anabaki na nakala kwenye kiswaswadu chake, na mjomba anabaki na nakala kwenye sanduku la ujumbe uliotumwa. Ukizuka ubishi, simu mbili zinawekwa juu ya meza zikitazamana.

Sasa fikiria kuandika jumbe 60 za namna hiyo kwa siku, umesimama, vidole vina vumbi la magunia, jasho linakudondoka. Nimemwona akifanya. Macho yako kwenye mshale wa mizani, kidole gumba kinaandika peke yake. Namba kwenye E71 zimekaa katikati ya kibodi, zikichangia vitufe na herufi, na gumba lake linazifuata kama mkono unavyofuata mpini wa jembe. Kila kitufe kina mgongo kidogo, kinakuambia umekigusa wapi, na kikishuka unakisikia. A imefutika kabisa, kwa sababu Kiswahili hakiendi bila A. Vitufe vya namba vimelainika hadi vinang'aa. Q na X ziko kama zilivyotoka kiwandani.

Nokia waliitangaza E71 mwezi Juni 2008 kama simu ya watu wa ofisini: mwili wa chuma, unene wa milimita 10, uzito wa gramu 127, programu ya Symbian S60 toleo la tatu, 3G, Wi-Fi, GPS, kamera ya megapikseli 3.2. Vingi kati ya hivyo mjomba hajavigusa. Alivyovihitaji ni kibodi, betri ya BP-4L yenye mAh 1,500 unayoweza kuichomoa mwenyewe, na ile taa ya kitufe cha katikati, inayopanda na kushuka polepole kama mtu aliyelala pakiwa na ujumbe haujasomwa. Ghalani usiku, umeme ukiwa umekatika, mwanga huo unaonekana kutoka mlangoni.

Jinsi alivyoipata, na kwa nini haikuzimwa 2016

Aliinunua Kariakoo, baada ya malipo ya korosho. Safari ya Dar es Salaam wakati huo ilikuwa na kipande cha Ndundu hadi Somanga kisicho na lami, mtu anashuka kwenye basi akiwa mwekundu kope hadi soksi. Kariakoo yenyewe ilikuwa imejaa E71 za bandia, zenye laini mbili na antena ya kuvuta ya televisheni, na zilikuwa zinavutia macho kuliko ya kweli. Mjomba alimchukua mtu anayezijua. Walipiga *#06#, wakalinganisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyotokea kwenye kioo na iliyoandikwa chini ya betri. Wakapiga *#0000#, ikaja RM-346, ambayo ndiyo alama ya E71 iliyotengenezwa kwa masafa ya upande wetu wa dunia.

Dakika hizo tano zililipa miaka saba baadaye. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Wiki ile kibanda changu kilijaa watu walioshika simu zinazowaka lakini hazina mtandao, na baadhi yake zilikuwa zile zile E71 za antena. Ya mjomba haikutikisika.

Kosa langu la mwaka 2012

Sehemu hii ni nzito kwangu, na bila kuisema kisa hakieleweki.

Mwaka 2012 ndiyo kwanza nimejifunza ufundi. Simu ya mjomba ikaanza kuwa nzito. Ukifungua sehemu ya ujumbe inakaa inazunguka karibu dakika nzima. Akaniletea. Mimi nilikuwa najua msimbo mmoja ulionipa sifa mtaani: *#7370#, halafu 12345. Simu inazima, inawaka, inakuwa nyepesi kama mpya. Nikabonyeza. Sikumuuliza chochote. Sikutoa hata nakala ya majina.

Jumbe za misimu mitatu zikaondoka. Na mwaka ule ndio wakulima wengi wa kusini walikuwa wanadai malipo ya pili ya msimu wa 2011/12, yaliyokuwa yanasuasua. Watu walikuwa wanakuja kwa mjomba jioni kumuuliza, "Karani, mimi kilo zangu zilikuwa ngapi?" Daftari la chama lilikuwepo, lakini lilikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa na foleni na hasira. Kabla ya hapo alikuwa anafungua simu na kumjibu mtu pale pale barazani. Sasa akawa hana jibu.

Hakunifokea. Alikaa kimya, akaweka simu mfukoni, akasema, "Basi tuanze upya." Mimi nimeshika simu nyingi tangu siku ile, na sijawahi tena kufuta simu ya mtu bila kumuuliza mara mbili ndani mna nini.

Nilipokaa nayo baadaye kuichunguza vizuri, nikakuta jambo la pili, ambalo lingemnyang'anya jumbe zake hata nisingegusa kitu. Kwenye S60, sanduku la ujumbe uliotumwa lina kikomo. Kiwandani limewekwa kubakiza jumbe 20 tu. Ya 21 ikiingia, ya zamani kabisa inafutwa, na simu haikuambii. Kumbe mjomba alilijua hilo tangu mwanzo bila kufundishwa na mtu. Alikuwa ameona jumbe zinapotea, akatengeneza folda zake mwenyewe, moja kwa kila msimu, na kila jioni anahamisha za siku hiyo. Kazi yote hiyo ya vidole, misimu mitatu, mimi niliifuta kwa sekunde kumi.

Tulipanua kile kikomo, tukahamishia jumbe kwenye kadi ya kumbukumbu, na akaendelea na folda zake.

Yaliyozimika kimyakimya

Mwili wa simu ulidumu. Kilichoondoka ni dunia iliyoizunguka. Nokia waliiacha Symbian mwaka 2011 na kuhamia programu ya Microsoft. WhatsApp ilikoma kufanya kazi kwenye simu za aina hii tarehe 30 Juni 2017. Mjomba aliamka asubuhi ikakataa, akaniuliza kama ni salio. Barua pepe na kurasa za intaneti zikafuata, moja baada ya nyingine. Sababu yake ni hii: kompyuta za upande wa pili zilihamia kwenye njia mpya za kufunga mawasiliano kwa siri, na E71 inajua zile za zamani tu. Inabisha hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haitumii tena. Hakuna fundi wa mtaani atakayelitibu hilo kwa solda, na mteja aambiwe wazi asije akalipa fedha ya bure.

Kilichobaki ni kupiga, SMS, na menyu za nyota kama *150*00#. Kwa mtu mwingine hayo ni mabaki. Kwa karani wa mizani ndiyo kazi yenyewe.

Msimu wa 2018/19 nilishuhudia kwa macho. Bei za mnada ziligomewa, serikali ikatangaza kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, na kabla ya malipo kukawa na uhakiki wa wakulima, ili wafanyabiashara wa kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi, wasilipwe kwa majina ya watu. Uhakiki ulichukua muda na watu walikuwa na hofu. Barazani kwa mjomba walikuwa wanakuja wawili watatu kila jioni. Anafungua folda, anashusha, anasoma: jina, kilo, daraja, tarehe. Mtu anaondoka akiwa amejua la kusema atakapoitwa. Sisemi kwamba simu ile ilimlipa mtu yeyote. Ilimpa mtu usingizi, na kwa miezi ile hilo halikuwa dogo.

Nilichokikuta ndani

Rudi Agosti 2024. Nilianza na betri, kwa sababu iliyovimba ni hatari na haisubiri. Niliichomoa kwa kipande cha plastiki, bila bisibisi ya chuma, nikaiweka nje kwenye kopo la mchanga. Halafu nikaiwasha simu kwa pawa saplai ya mezani, kwa volti 3.7, nione kama ubao ni mzima. Ukawaka. Mtandao ukasoma. Kwa hiyo ubao haukuwa na shida.

Kisha nikafungua kibodi, na hapo nikaona kitu ambacho sijakisoma popote. Chini ya mpira wa vitufe kulikuwa na unga wa manjano, laini, umejipanga kwenye kingo kama unga wa ngano kwenye pembe za meza. Nikaunusa. Salfa.

Kusini mtu yeyote anaijua harufu hiyo. Mikorosho ikianza kutoa maua tunapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na mjomba hupuliza shamba lake mwenyewe, simu ikiwa mfuko wa shati. Miaka 15 ya kupuliza ilikuwa imejilundika humo. Chini ya kila kitufe cha E71 kuna kibati kidogo cha duara kilichobinuka. Ukibonyeza kinabonyea na kugusa ubao. Sasa salfa haipatani na metali: ikikutana na fedha au shaba, na pakiwa na joto na unyevu, inaacha utando mweusi, na utando huo hauruhusu umeme upite vizuri. Vibati vya A na S vilikuwa vyeusi kama masizi ya chungu. Vingine vilikuwa kahawia. Q na X ving'avu. Nadhani mfuniko wa mpira juu ya A ulikuwa umelegea kwa kubonyezwa sana, ndiyo maana unga ukapata mlango pale kuliko kwingine.

Mafundi wengi hapa tungechukua mswaki na thina. Thina ingekula plastiki na gundi ya karatasi inayoshika vibati, na simu ingerudi na kibodi iliyolegea yote. Nilipuliza unga kwanza kwa bloa ya baridi. Nikasugua sehemu za ubao kwa kifutio cha penseli, taratibu, hadi rangi ya dhahabu ikarudi. Nikamaliza kwa spiriti kidogo kwenye pamba ya masikio. Vibati havikusafishika, nilitoa karatasi nzima ya vibati kwenye E71 nyingine iliyokufa ubao, ambayo nilikuwa nimeihifadhi miaka minne kwenye boksi la viatu. Soketi ya chaji nikaitoa humo humo. E71 haichaji kwa ule mdomo wake wa USB, huo ni wa kupitisha mafaili tu. Inachaji kwa pini ndogo peke yake, kwa hiyo soketi ikilegea huna mlango wa pili.

Betri ilinisumbua kuliko kazi yote. BP-4L ilitumika kwenye simu nyingi za Nokia: E63, E72, E52, N97. Kwa hiyo madukani zipo. Lakini nyingi ni za bandia, na dalili mojawapo ni tamaa ya namba: kwenye kava wameandika mAh kubwa kuliko 1,500 ya kiwandani huku kipande chenyewe ni chepesi mkononi. Nilijaribu tatu. Niliichaji kila moja hadi ikajaa, nikaiweka mezani usiku kucha, nikapima asubuhi kwa mita. Moja ilikuwa imeshuka sana bila kutumika, nikairudisha. Ya pili ilipata joto wakati wa kuchajiwa. Nikairudisha pia, na mwenye duka alikunja uso. Ya tatu ilitulia. Nikanunua mbili za aina hiyo, moja ya akiba, nikamwambia mjomba asiiache ya akiba mwaka mzima ikiwa tupu, maana betri ya aina hii ikikaa tupu inakufa kabatini.

Kutoa kilichomo

Ukiacha kuchomoa betri na kuiwasha simu kwa pawa saplai, haya mengine yote niliyafanya baada ya kutoa data, ingawa nimeyaeleza kwanza. Nisisitize mpangilio huo: simu ikiwa bado inawaka, hata kwa kushikiliwa pini, toa kilichomo kabla hujashika bisibisi.

E71 ina njia yake ya kutunza nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, na mteja akiambiwa "nakala ipo" anapumua. Asipumue. Faili hilo limetengenezwa lisomwe na simu nyingine ya Symbian, na ukiliweka kwenye Android linakaa kama jiwe. Majina ni rahisi: unayachagua yote, unayatuma kwa Bluetooth, yanapokelewa. Jumbe ndiyo kazi. Nilitumia kompyuta mpakato ya zamani yenye Windows 7, nikaweka Nokia Suite, nikatoa nakala ya simu nzima, halafu nikaifungua nakala hiyo kwa programu ndogo ya bure inayoitwa NbuExplorer. Inasoma mafaili ya Nokia na kuyatoa kama jedwali la kawaida: tarehe, namba, maneno. Jumbe elfu sita na ushei zikajipanga kwenye kioo.

Hapo pakatokea tatizo nisilolitegemea. Majina ya kwenye simu yalihifadhiwa kwa 07, jumbe zilikuwa na +255, kwa hiyo jedwali halikujua namba ipi ni ya nani hadi nilipozilinganisha. Na hata baada ya kuzilinganisha, namba ya 2014 si lazima iwe ya mtu yule yule leo. Watu walipoteza laini, wengi walibadilisha wakati wa usajili wa alama za vidole uliofungwa Januari 2020, na namba zikagawiwa wengine. Kama jedwali lingetegemea namba peke yake, lingekuwa limejaa makosa. Kilichoniokoa ni mazoea ya mjomba: jina la mkulima aliliandika ndani ya ujumbe wenyewe, kila mara, miaka yote. Nilipomuuliza kwa nini, wakati simu ilikuwa inaonyesha jina juu, akasema, "Simu ni ya leo. Jina ni la mtu."

Tulichapisha karatasi, zikafungwa vitabu viwili, vikawekwa kwake ndani ya sanduku la bati. Faili liko kwenye flashi yake. Kwenye kompyuta yangu nimelifuta, kwa sababu ni mambo ya wakulima wa watu na si yangu.

Jambo moja la kiufundi kwa atakayefuata njia hii. Programu nyingi za Symbian zilifungwa kwa cheti chenye tarehe ya mwisho, na leo ukitaka kuziweka simu inazikataa ikisema cheti kimepita muda. Dawa ni kurudisha tarehe ya simu nyuma, mathalani 2010, kuweka programu, kisha kuirekebisha tarehe. Lakini kwenye simu kama hii, ambayo tarehe ndiyo ushahidi, usifanye hivyo kabla ya kutoa data, na usiirudishe kwa mwenyewe kabla ya kuhakikisha tarehe iko sawa. Ujumbe mmoja ukitumwa kwa tarehe ya 2010, mkulima mmoja atakuja kuhesabiwa kilo za miaka 14 iliyopita.

Mabishano ya nyumbani

Binamu yangu, binti wa mjomba, hakukubaliana na mimi. "Kaka, unamdekeza mzee," aliniambia. "Mambo yote ya chama sasa yako WhatsApp. Tangazo la mnada linakuja kwa picha. Atabaki nyuma." Na ana haki. Kuanzia msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na habari zake zinazunguka kwenye makundi ya simu za kupangusa. Mjomba anayo moja, aliyopewa na yeye huyo binti. Anaisomea matangazo akiwa amekaa, miwani puani.

Ila kuisomea na kuifanyia kazi kwenye mizani ni mambo mawili. Nilimpa aijaribu kwa gunia la mchanga hapa kibandani, vidole vikiwa na vumbi. Alikosea kilo mara nne katika jumbe kumi, kwa sababu kioo hakina mgongo wa kushika na kinajisahihisha chenyewe, jina la mtu likageuka neno jingine. Kwa kazi ambayo kosa la tarakimu moja ni fedha ya mtu, mimi siwezi kumshauri aache kibodi yake.

Na mwezi Mei wa mwaka huo huo tulikuwa tumepata funzo. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua ikakata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani siku kwa siku. Kabla hatujatulia, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. WhatsApp yangu ilikuwa inazunguka tu. Mjomba alinipigia kwa E71, tukaongea vizuri, akanitumia fedha za dawa za bibi kwa menyu ya nyota, zikaingia. SMS na sauti havikuhitaji ule waya.

Kwa hiyo tulikubaliana, watatu, juu ya meza yangu: simu ya kupangusa ya kupokea matangazo, E71 ya mizani na ya kupiga, na kila msimu ukifungwa analeta E71 kwangu, natoa jedwali, tunachapisha. Hatusubiri iharibike. Binamu alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeshika kile kitabu cha pili, Mtwara, mbali na sanduku la bati. Sharti zuri, na mimi sikuwa nimeliwaza.

Kulikuwa na jambo la mwisho. Nilikuwa nimempachikia mpira wa vitufe wa ile simu iliyokufa, herufi zote zinasomeka, A nyeupe inang'aa. Alibonyeza kidogo, akanirudishia. Alitaka ule wake, uliofutika. Nikamweleza kwamba mpya hauingizi vumbi kirahisi. Tukaafikiana: mpira wake ulirudi, na mimi nikaweka kipande chembamba cha utepe chini ya kingo zake kuzuia salfa. Na simu haiingii shambani tena siku za kupuliza. Inabaki nyumbani, mkewe ndiye anapokea.

Mimi nina mikorosho yangu 40 Tandahimba, aliyonigawia yeye, na mzigo wangu hupimwa pale pale. Oktoba, msimu ulipofunguliwa, nilikuwa kibandani nimeinamia simu ya mteja, ujumbe ukaingia. Jina langu lilikuwa mwanzoni, kamili, kama la mkulima mwingine yeyote, halafu: "Kg 212, daraja 1, zimepokelewa ghalani 19/10. Tunza stakabadhi."

Nikahesabu. A zote zilikuwemo.